Yai Lililoshinda Pasaka

Kijijini Dolni Bryast,
wiki ya pili baada ya Pasaka

Kwa mdogo wangu Velika,

Mimi kaka yako Stamen, mwana wa Gancho mhunzi, mwenye umri wa miaka themanini na mitatu na meno yangu mwenyewe ya kutosha kuvunja kokwa za jozi, ninakuandikia nikiwa hai tena nikiwa wima. Nimeishi muda mrefu kuliko shamba la ushirika, kuliko treni iliyokuwa ikisimama hapa kijijini, kuliko farasi wetu wote, na kuliko madaktari wawili walionikataza tumbaku. Nimeishi pia muda mrefu kuliko mke wangu Minka, na hilo ndilo pekee nisilojisifu nalo. Kristo amefufuka, mdogo wangu. Najua umekwisha kuitikia hapo ulipo.

Hujambo lakini? Kile kikohozi cha majira ya baridi kimekuachia? Na presha je, bado inapanda na kushuka? Hapa sisi ni wazima. Mizabibu imechipua vizuri, nimeipogoa mwenyewe bila kibarua, na vijana wa huku wanapita barabarani wakinitazama kwa wivu. Kuku wangu wanataga kama walioapa. Mto umejaa lakini haujavuka daraja. Bryast nzima inakusalimu, yaani waliobaki.

Kalamu na mimi hatujuani sana. Madarasa manne niliyosoma yalinitosha kusoma mizani na kutia sahihi, na barua zote ulizopata kutoka nyumba hii zilikuwa za mkono wa Minka. Mimi nilisimama nyuma yake nikimwambia cha kuandika, naye akiandika alichotaka. Kwa hiyo ukikuta mstari umepanda mlima, usijali, utashuka wenyewe.

Sasa sikiliza. Mwanangu Doncho ameniambia kwamba Jumapili hii atakupigia simu. Ati anataka neno lako, kwa kuwa wewe ndiwe uliyemlea miaka ile mimi na Minka tulipokuwa tukipishana zamu kiwandani, na ati atakalosema shangazi ndilo litakalokuwa. Anataka kuifunga nyumba hii ya baba yetu, kuku awagawe, nami anipeleke Plovdiv nikakae kwao ghorofa ya sita, kama njiwa. Sababu atakayokupa ni kwamba akili zimeniruka. Ushahidi wake ni yai. Basi kabla hujasikia la simu, soma la kwangu, kwa maana mimi ndimi niliyekuwa nimelishika yai lenyewe.

Ilianza tulipomaliza arobaini ya Minka. Doncho alinikalisha jikoni akanieleza kwa upole mwingi, ule upole unaomfanya mtu atafute fimbo, kwamba mwanamume wa umri wangu hawezi kuishi peke yake na jiko la kuni. Nikamwuliza ni nani aliyemfundisha yeye kuwasha hilo jiko. Akasema baba, si habari ya jiko. Nikamwambia basi usilitaje. Tukavutana hivyo mpaka chai ikapoa. Mwishoni mimi mwenyewe ndiye niliyetoa shauri. Nilimwambia aje Pasaka pamoja na mkewe na mtoto, nitawapokea, nitawalisha, mayai nitakuwa nimeyahifadhi na kuyapaka rangi kwa mikono yangu kama alivyofanya mama yake. Kikikosekana kitu kimoja tu mezani, au kikiharibika kimoja tu, nitapanda gari lao bila neno. Kisipokosekana, asinitajie tena Plovdiv mpaka siku ya kunizika. Tukapeana mikono. Svetla mkewe alicheka akasema baba na mwana, vichwa viwili vya mawe, afadhali yeye ameolewa na kimoja tu.

Wewe unajua shughuli ya mayai ya Kwaresima ilivyo, lakini umekaa mjini Ruse miaka mingi na labda umesahau. Kuku hawafungi. Sisi tunafunga majuma yote yale bila kugusa yai, nao ndio wakati huo wanaotaga kwa fujo, kana kwamba wanatucheka. Kwa hiyo kila yai ni lazima lilindwe mpaka Pasaka. Mimi hilo nalijua kuliko mtu yeyote katika bonde hili. Yai unaliokota asubuhi kabla kuku hajalilalia. Likiwa na uchafu unalifuta kwa kitambaa kikavu, basi. Maji hapana! Yai limezaliwa na koti lake, utando mwembamba usiouona, na huo ndio unaozuia ubaya usipenye kwenye ganda. Ukiliosha umelivua koti. Lenye ufa halihifadhiwi hata kama ufa ni mwembamba kama unywele, hilo ni la mbwa. Mazima unayapanga kwenye sanduku la mbao, ndani ya pumba kavu, ncha nyembamba chini na upande mnene juu, chumba cha chini kule kwenye baridi na giza, mbali na vitunguu na mafuta ya taa. Ya zamani mbele, mapya nyuma. Na yale ya kukaa mpaka majira ya baridi yanaingia kwenye mtungi wa maji ya chokaa. Mimi ndiye niliyemfundisha Minka haya yote. Haya basi, Minka ndiye aliyenifundisha, lakini taa niliishika mimi.

Jirani yangu Parvan, yule unayemkumbuka, aliyeanguka kisimani siku ya harusi yake, alikuwa akinichungulia juu ya ua kila nikishuka na kikapu. Aliniuliza kama siku hizi ninaitwa Bi Stamen. Akaniambia kwamba mwaka huu wageni wangu watapakiwa rangi mawe ya mtoni. Nikamjibu kwamba hata mawe yangu yatakuwa na kiini. Tuliendelea hivyo Kwaresima nzima, na usimwambie, lakini ndiyo ilikuwa burudani yangu.

Friji? Doncho aliniuliza hilo kwenye simu. Nikamwambia friji niliichomoa tangu theluji ya kwanza, nitailisha umeme ya nini wakati nyumba nzima ni friji? Nilijua ananiandikia dhambi.

Sasa fika katikati ya Kwaresima. Svetla alikuja na mjukuu wangu Yoana, bila kuniarifu, kunitazama hali. Mimi nilikuwa mizabibuni. Niliporudi nilimkuta Svetla ua wa nyuma, ameinama juu ya beseni, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya kisima, na kando yake mayai ya safu nzima ya juu ya sanduku langu yanang'aa kama kokoto. Alikuwa ameyasugua moja moja kwa sifongo. Akanyanyua uso, akaniambia kwa furaha kabisa kwamba ameona aibu mayai ya sikukuu yakae na mavi ya kuku, kwa hiyo amenisaidia kidogo, baba.

Velika, unanijua. Unajua nilivyomfukuza mtengeneza mabomba kwa sababu ya bomba moja. Siku ile sikumkaripia. Nilimwambia ahsante, mwanangu, umeyapendezesha. Sababu ya kunyamaza nitakuambia mbele, haiwezi kukaa hapa. Aliyafuta kwa taulo, akayarudisha mwenyewe kwenye pumba, wakaondoka na basi la jioni.

Hapo ningeweza kufanya mambo matatu ya busara na sikufanya hata moja. Ningeweza kuyala siku zile zile, lakini ilikuwa Kwaresima, na tangu nilipoacha kunyonya sijala yai kabla ya kengele ya Pasaka. Ningeweza kumpa Parvan, ambaye hafungi chochote isipokuwa mlango, lakini angeuliza kwa nini ninagawa mayai yaliyooshwa, na kabla ya giza kijiji kizima kingejua kwamba mkwe wangu hajui yai. Ningeweza kuichomeka ile friji, maana yai lililovuliwa koti mahali pake ni huko na halitoki tena mpaka liende sufuriani. Lakini ningekuwa nimemkubali Doncho. Kwa hiyo niliyaacha pale pale, nikijiambia kwamba siku ya kupaka rangi nitayapitisha puani. Baba alikuwa akinunua mayai sokoni kwa kuyanusa tu, na kila mtu alisema pua hiyo tuliirithi wewe na mimi.

Alhamisi Kuu ikafika. Nilichemsha maganda ya vitunguu na siki kidogo mpaka maji yakawa rangi ya damu. Jikoni nilikuwa peke yangu. Yai la kwanza jekundu, unajua, Minka alikuwa akimpaka nalo mtoto mashavuni ili awe na afya. Mtoto hakuwapo, nikajipaka mwenyewe. Nilionekana kama mlevi wa harusi. Nikaliweka chini ya picha ya Bikira, kisha nikaendelea na mengine. Kila yai nililinusa kabla ya kulitia sufuriani, nikalinusa tena lilipotoka. Moja lilielea. Mengine yalilala chini kwa utulivu, lenyewe likasimama juu likizungukazunguka. Nilijua maana yake. Mtoto wa miaka mitano wa kijiji hiki anajua maana yake, yai linaloelea lina hewa ndani na yai lenye hewa nyingi si la kuliwa. Lakini nililitoa kwa kijiko, nikalinusa mbele na nyuma, sikusikia kitu, nikasema pua yangu haijawahi kushindwa na maji. Nikalipaka mafuta likametameta. Lilikuwa zuri kuliko yote.

Pasaka walikuja wote watatu, na Parvan nikamwalika ili awe shahidi wa ushindi wangu. Meza ilikuwa imekamilika, Velika! Mwanakondoo, saladi, mkate mtamu nilioununua, lakini niliukata mwenyewe. Doncho alikuwa akitazama kila sahani kama mkaguzi, na mimi nilimwona uso ukimlegea, akaanza hata kutania. Ukafika wakati wa kugonganisha mayai. Nilichagua lile zuri. Nikamgonga Doncho, likapasuka lake. Nikamgonga Svetla, likapasuka lake. Parvan alikuja na yai kutoka kwake, akaapa kwamba kuku wake wanakula mchanga wa mtoni na ganda lake ni chuma. Chuma kikapasuka. Alidai nimechonga yai la mti. Mwisho Yoana, naye lake likavunjika pande zote mbili, akaanza kulia, maana ana miaka saba na kushindwa bado hajakuzoea. Nikamwambia asilie, yai bingwa tutagawana, nusu ya babu na nusu yake, na ubingwa utaingia kwake.

Nikalipasua kwenye paji la uso wangu, kama baba alivyokuwa akifanya.

Kilichofuata kilinishangaza. Parvan alishika kofia akaifunika uso wote. Svetla aliinuka kiti kikaanguka. Nikadhani wamechukia kushindwa, nikawacheka, nikawauliza watu wazima hawaoni haya. Nikaendelea kumenya. Miwani sikuwa nayo, nilikuwa nimeivua kwa ajili ya picha. Nikalikata kwa kisu, nikalitia chumvi, nikampelekea Yoana nusu yake mpaka mdomoni. Mtoto alikuwa amejibana pua kwa vidole, ananitazama. Alidhani ni mchezo, akaanza kufungua kinywa.

Doncho alinipiga mkono yai likaruka ukutani.

Aliniuliza kwa kelele, baba, husikii? Nikamwambia nasikia sana, huna haja ya kupayuka, mimi ninasikia mbuzi wa ng'ambo ya mto. Akasema harufu, baba! Harufu! Hapo ndipo nilipoelewa. Nikalitazama lile yai ukutani, hata bila miwani nikaona halikuwa jeupe wala la njano. Lilikuwa viza kabisa. Nyumba nzima, wananiambia, ilinuka kama kuzimu, wakafungua madirisha yote, na mimi nimesimama katikati na kichupa cha chumvi.

Nikasema uongo. Nilisema nilikuwa nikiwajaribu. Nikasema jeshini tulikula mabaya kuliko hayo na hakuna aliyekufa, na kwamba watu wa siku hizi matumbo yao ni ya karatasi. Kisha, Mungu anisamehe, nikaokota kipande nikajifanya nataka kukila, ili wacheke. Hakuna aliyecheka. Nilimwona Doncho akimtazama mkewe, na ile sura ninaijua, ndiyo aliyokuwa nayo alipokuwa akimtazama mama yake hospitali. Baadaye nilimsikia uani akimwambia Svetla kwamba huu si ukaidi tena, hiki ni kichwa, na kwamba baada ya sikukuu atatafuta daktari wa mambo hayo. Masikio yangu, nimekwambia, hayana kasoro.

Jumatatu walipoondoka, Parvan alivuka ua na ndoo ya maji. Hakunitania, nikaogopa. Tukatoa mayai yote yaliyobaki sandukuni tukayatia ndooni. Yenye madoa yake na uchafu wake mkavu yalizama yote, yakalala ubavu kama watoto. Yaliyong'aa, mengine yalisimama, na machache yakapanda juu. Parvan aliyatazama yale masafi, akanitazama mimi, akauliza ni nani aliyeyaosha. Nikamwambia ni mimi. Akasema Stamen, wewe tangu nikujue hujaosha hata kikombe. Kisha akaelewa mwenyewe, akaapa kwa jina la Minka kwamba jambo hilo halitafika kwa Svetla. Nawe usimwambie, Velika. Atalia wiki nzima, na alikuja kwa basi kunitazama hali.

Hapa ndipo nilipokuwa nimepanga barua iishie. Nilikuwa nimepanga kukuomba umwambie Doncho kwamba kichwa changu ni kizima, kwamba yai moja bovu ni bahati mbaya na linaweza kumpata mtu yeyote. Yote hayo ni kweli. Lakini nimekaa na kalamu tangu asubuhi, na kila nikitaka kusaini ninaona ule mkono wangu unampelekea mtoto nusu yake, naye anafungua kinywa.

Kichwa changu kizima. Kilichokufa ni pua.

Ni tangu ile homa iliyonilaza baada ya mazishi. Niliinuka, nikala, nikapona, nikajisifu, na harufu hazikurudi. Pombe ya rakia naijua kwa kuungua koo tu. Supu naijua kwa moto wake. Majuzi taulo iliungua juu ya jiko nikiwa kando yake nakarabati kiatu, na nilijua nilipoona moshi. Hakuna mtu niliyemwambia. Nilidhani itarudi, kama jino linavyoacha kuuma.

Ile sababu niliyokuahidi ni hii. Wakati wa Krismasi nilifungua kabati la Minka nikachukua kitambaa chake cha kichwa, kile cha kijani, nikakiweka usoni. Hakikuwa na kitu. Hakuna Minka, hakuna sabuni, hakuna hata vumbi. Nilimpigia Svetla simu nikamtukana kwamba amekifua, kwamba hana haki, kwamba alichoniachia mke wangu amekimimina mferejini. Aliapa hajakigusa. Nikamwita mwongo. Alilia, na siku ya pili akapiga simu kuniomba radhi kwa jambo asilolifanya. Mwezi ule wote nilikuwa nikikinusa na kumchukia. Nilipokuja kufahamu kwamba kitambaa hakikuwa na kosa, sikuwa na kinywa cha kumwambia. Ndiyo maana nilipomkuta na beseni lile nikanyamaza. Niliona tumelipana. Kumbe ningesema siku ile, lile yai lisingefika mezani.

Basi Jumapili Doncho akikupigia usimwongopee kwa ajili yangu, wala usinifiche. Mwambie la pua. Mimi mwenyewe nimejaribu kumpigia mara kadhaa, na kila akipokea ninamwuliza hali ya hewa ya Plovdiv. Ajue si kichwa, asimpotezee daktari muda. Na ajue pia kwamba mtu asiyesikia moshi wala yai viza hafai kukaa peke yake, hilo nimelikubali, na tulipeana mikono, na kilichoharibika mezani kiliharibika.

Nimesema peke yake. Hapo ndipo nakuja kwako. Sijui maombi yanaandikwaje, Minka ndiye aliyekuwa akiyajua, mimi sijamwomba mtu kitu tangu nilipomwomba yeye. Kwa hiyo naandika nijuavyo. Njoo, Velika. Chumba cha upande wa mashariki ni kikavu, nimekipaka chokaa jana, na kitanda nimekigeuza kisitazame mlango. Wewe nawe uko peke yako huko, na hata sauti ya mtu wa kukuudhi huna. Kuni nitapasua mimi, maji nitachota mimi, kuku nitawafunga mimi. Wewe utakaa jikoni na kuniambia kitu gani kinanuka. Ukija hata kwa majira haya tu, Doncho hatakuwa na la kusema. Na usipoweza kuja sitakununia. Nitafunga nyumba, nitampa Parvan kuku na maelezo, nitapanda gari kimya.

Lakini njoo kabla ya maua ya ile miti yenye harufu tamu kule njia ya kanisani kufunguka. Wote wanasema mwaka huu yatakuwa mengi, nami nataka mtu wa kunisimulia.

Nisalimie majirani zako wa ngazi moja, na yule bibi wa duka la nyuzi. Mungu akupe usingizi mzuri na kifua chepesi.

Ni mimi kaka yako, mzima wa kichwa,

Stamen

Habari ya mayai kama huiamini mwulize Parvan, ambaye angefurahi mno kunikanusha na hataweza. Habari ya kugonganisha, kwamba niliwashinda wote wanne kwa haki, mwulize Yoana, mtoto haongopi. Habari ya pua hakuna shahidi, ila wewe kuanzia sasa.